Mzima: mvua ya Chyulu inavyofika Tsavo bila mto

Mtu akitoka Mtito Andei na kuingia Hifadhi ya Taifa ya Tsavo Magharibi, kwa muda mrefu haoni maji. Anaona udongo mwekundu, vichaka vya miiba, mibuyu hapa na pale, na mawe meusi ya lava. Kisha, baada ya kilomita 48 hivi, nyika inakatika ghafla. Kuna mikindu, miwale na mikuyu, na chini ya miti hiyo kuna madimbwi ya maji maangavu kiasi cha kumwona samaki akipita kivulini mwa kiboko. Maji hayo hayakuletwa na mto wowote unaoonekana. Yanabubujika kutoka chini ya lava, takriban lita milioni 200 kila siku, masika na kiangazi.

Hiyo ni chemchemi ya Mzima. Maelezo yanayosikika sana kuihusu ni ya sentensi moja: kuna mto unaopita chini ya ardhi kutoka Vilima vya Chyulu. Yana chembe ya ukweli, na nitaifikia. Lakini yanaficha jambo kubwa zaidi. Mto wa nyika hufurika mvua ikinyesha na hukauka mvua ikikatika. Mzima haifanyi hivyo. Kinachoilisha kina tabia ya ghala, na mahali inapotokea pameamuliwa na aina mbili za mwamba zinazokutana. Ukiyaelewa hayo mawili, maswali yanayozuka kila mara kuhusu chemchemi hii (nani achukue maji, kiasi gani, na achukulie wapi) yanapata sura nyingine kabisa.

Vilima visivyo na mto

Chyulu ni safu ya vilima vya volkano yenye urefu wa kilomita 100 hivi, upande wa kaskazini wa Mzima. Kilele chake kinapita mita 2,100 juu ya usawa wa bahari. Ni volkano changa: milipuko ilianza zaidi ya miaka milioni moja iliyopita upande wa kaskazini-magharibi, ikahamia polepole kusini-mashariki, na lava ya mwisho ilimwagika katikati ya karne ya 19. Mtiririko mmoja wa wakati huo, unaoitwa Shetani, bado uko wazi kando ya barabara ya hifadhi, mweusi, bila udongo, miti ikiwa michache na iliyodumaa.

Mvua ya kutosha hunyesha kileleni, na ukungu hufunika msitu wa huko juu kwa sehemu kubwa ya mwaka. Hata hivyo, hakuna mto hata mmoja wa kudumu unaoshuka kutoka Chyulu. Hakuna hata korongo lenye maana. Kwa mtu aliyezoea milima ya mwamba mgumu, ambako kila bonde lina kijito chake, jambo hili linashangaza kuliko chemchemi yenyewe.

Simama juu ya Shetani mvua inaponyesha na utaona sababu. Mawe ya juu ni vipande vilivyovunjika, vyenye ncha kali, vimerundikana ovyo na kuacha nafasi za kupitisha mkono. Tone linagonga jiwe, linateleza, linaingia kwenye upenyo, linapotea. Dimbwi halijitengenezi. Maji hayapati nafasi ya kukusanyika na kuanza kukimbia juu ya ardhi, na bila hilo mto hauzaliwi.

Okota kipande kimoja cha lava hiyo. Ni chepesi kwa ukubwa wake, na kimejaa matundu madogo yaliyoachwa na gesi lava ilipokuwa ikipoa. Wengi hudhani maji ya Chyulu yamehifadhiwa humo. Mwagia maji kipande hicho: matundu ya juu yanajaa, na basi. Upande wa chini hakitoki kitu. Sehemu kubwa ya matundu hayo imejifunga, kila moja peke yake, halina njia ya kwenda kwa jirani yake. Nafasi ipo lakini haina mlango.

Maji hukaa na kupita kwingine. Lava haikumwagika mara moja. Ilimwagika, ikapoa, jivu likatua juu yake, ikamwagika tena. Kila mtiririko una tabaka la vipande vilivyovunjika juu na chini, na katikati una mwamba mzito uliopasuka kwa nyufa wakati wa kupoa. Ukipanga mitiririko mingi hivyo, unapata tabaka baada ya tabaka la kifusi kilichobanwa kati ya mawe makubwa, na nyufa zinazoviunganisha. Kuna pia mapango: lava ilipopoa juu na kuendelea kutiririka ndani, iliacha mifereji mitupu. Pango la Leviathan huko Chyulu lina urefu wa zaidi ya kilomita 11. Mapango kama hayo yanavutia macho na ndiyo yanayolisha hadithi ya mto wa chini, ila kazi kubwa ya kuhifadhi inafanywa na kile kifusi ambacho hakuna mtalii anayekitembelea.

Ghala lina ukubwa gani

Chukua ndoo ya lita 20, ijaze kokoto hadi juu, halafu mimina maji ukiyapima. Ndoo inayoonekana imejaa bado itapokea lita saba au nane. Sasa toboa tundu ubavuni, katikati ya kimo. Maji yatatoka yenyewe mpaka yashuke usawa wa tundu, kisha yatakoma, ingawa nusu ya chini ya ndoo bado imejaa. Ukimwaga maji upande wa pili wa ndoo, tundu litaanza kutoa tena. Badala ya kokoto ukiweka udongo wa mfinyanzi, utaona jambo la tatu: mfinyanzi unaweza kubeba maji mengi kuliko kokoto, lakini kwenye tundu hautatoa karibu chochote. Unayashika.

Kwa hiyo kuna vipimo viwili ambavyo watu huvichanganya. Kimoja ni nafasi yote iliyomo ndani ya mwamba. Kingine ni sehemu ya nafasi hiyo ambayo maji yake yanaweza kutoka kwa uzito wake yenyewe. Mfinyanzi hushinda katika kipimo cha kwanza na kushindwa vibaya katika cha pili. Lava ya Chyulu haina cha kwanza kikubwa sana, kwa sababu katikati ya kila mtiririko ni jiwe zito, lakini kilichomo hutoka kirahisi.

Tufanye hesabu, tukijua ni ya kukadiria tu. Lita milioni 200 kwa siku ni mita za ujazo 200,000, yaani milioni 73 kwa mwaka. Tukichukulia kwamba katika mvua yote ya mwaka ni milimita 150 tu zinazofika chini kabisa, zilizobaki zikinywewa na mimea au kurudi hewani, basi ili Mzima ilishwe inahitaji eneo la karibu kilomita za mraba 490 kuikusanyia. Hilo ni eneo kubwa. Halipo karibu na chemchemi, na haliwezi kuwa karibu, maana nyika inayoizunguka haipati mvua ya kutosha. Ukitafuta kwenye ramani mahali palipo juu, penye mvua, penye mwamba unaomeza maji, utafika Chyulu tu, takriban kilomita 50 kutoka hapo.

Hesabu ya pili ndiyo inayoeleza kwa nini chemchemi haiyumbi. Chukua eneo hilo, tuseme kilomita za mraba 500, na uchukulie kwamba asilimia 5 tu ya mwamba ni nafasi inayotoa maji. Usawa wa maji ndani ya mwamba ukishuka mita moja tu, zinatoka mita za ujazo milioni 25. Kwa kasi ya Mzima, hizo zinatosha siku 125. Kiangazi kizima kinapita, na huko chini maji yameshuka kimo cha mtoto wa shule. Mtu aliyesimama kwenye madimbwi hawezi kuona tofauti yoyote ya kumtia wasiwasi.

Kwa nini hapo

Chini ya lava yote ya Chyulu kuna mwamba mwingine, wa kale mno, wa mamia ya mamilioni ya miaka, uliobanwa na kupikwa na joto la ardhini mpaka ukawa mgumu na usio na nafasi. Ndio ule unaoonekana kwenye vilima vya mawe vya Ukambani na Taita. Maji hupita ndani yake pale tu ulipopasuka au kuchakaa kwa juu. Tofauti ya wepesi wa kupitisha maji kati ya kifusi cha lava na mwamba huo ukiwa mzima inaweza kufika mara milioni na zaidi.

Mwaka 1856 Henry Darcy, mhandisi wa mji wa Dijon huko Ufaransa, alichapisha majaribio yake ya kupitisha maji kwenye mchanga uliojazwa ndani ya bomba la wima. Aligundua kwamba kiasi kinachopita hutegemea mteremko wa usawa wa maji, upana wa njia, na wepesi wa kitu chenyewe kupitisha. (Miaka hiyohiyo Chyulu ilikuwa ikitema lava yake ya mwisho.) Kanuni hiyo inatumika hadi leo na inatosha kwa kisa chetu. Mvua inashuka wima ndani ya lava mpaka inapogonga mwamba wa kale. Hapo haiwezi kuendelea chini kwa kasi inayokuja, kwa hiyo inajikusanya, inajaza nafasi, na kuanza kwenda upande, kufuata mteremko.

Na hapa ndipo ile chembe ya ukweli ya hadithi ya mto. Kabla ya Chyulu kuwapo, ardhi ile ilikuwa na mabonde yake. Lava ikimwagika hufuata bonde, kama kimiminika chochote. Mabonde ya kale yakajazwa mawe na kuzikwa, lakini sakafu yake bado inateremka kulekule ilikokuwa ikiteremka. Maji yaliyokusanyika juu ya mwamba wa kale yanafuata sakafu hiyo. Njia ya mto ipo basi, ila imejaa mawe, na maji yake yanapenya kati ya mawe kwa mwendo ambao hakuna mto ungeuvumilia.

Yanapofika mwisho wa ulimi wa lava, mambo matatu yanakutana: tabaka linalopitisha linakuwa jembamba, mwamba wa kale unakaribia juu, na uso wa ardhi unashuka. Maji yaliyokuwa na nafasi pana ya kupita sasa yana nafasi finyu. Usawa wake unalazimika kupanda mpaka ugonge uso wa ardhi. Pale unapougonga ndipo jicho la maji linapofunguka. Mzima haina maji mengi kuliko sehemu nyingine chini ya Chyulu; ina njia chache zaidi. Ukichimba kilomita kadhaa juu yake huenda ukakuta tabaka nene lililojaa, bila hata unyevu juu ya ardhi.

Upande wa pili wa safu hiyohiyo jambo hili limejirudia. Kibwezi, Umani na Makindu ni chemchemi zilizopangana kando ya ukingo wa mashariki, pale lava inapoishia juu ya mwamba wa kale. Ukizitia kwenye ramani moja pamoja na mpaka wa lava, huhitaji maelezo zaidi. Na Mzima yenyewe ina kituko chake: baada ya kupita madimbwini kwa kilomita mbili hivi, maji yanakutana na ulimi mwingine wa lava na kuzama tena, kabla ya kuishia Mto Tsavo. Yametoka, yameonekana na viboko, yakarudi chini.

Maji ya lini

Swali ambalo watu hupenda kuuliza ni maji haya yana umri gani. Jibu la nambari moja linapotosha, kwa sababu kuna mwendo wa aina mbili. Mvua kubwa ikinyesha Chyulu na maji yakifika chini, usawa ndani ya mwamba unapanda, na msukumo huo husafiri haraka kuliko maji yenyewe. Chemchemi inaweza kuongeza kasi miezi michache baadaye, lakini yanayotoka si ya mvua ile. Ni ya zamani, yaliyokuwa karibu na mlango, yaliyosukumwa na yaliyo nyuma yao. Tone la mvua ya leo litapita kwa mwendo wake, na matone yaliyobahatika kuingia kwenye pango la lava au ufa mpana yatayatangulia mbali yaliyokwama kwenye jivu. Yanayotoka Mzima kwa siku moja ni mchanganyiko wa mvua za miaka mingi.

Hili lina maana kwa usafi pia. Tunasifu uangavu wa Mzima na kusema lava imeyachuja maji. Imeyachuja matope, ndiyo. Lakini mwamba wenye nyufa za kupitisha mkono si kichujio cha vijidudu wala cha dawa za kilimo. Uangavu unatuambia kwamba maji hayakupita juu ya udongo mtupu. Hautuambii zaidi ya hapo.

Mwaka 2009 ukame mkali uliipiga Tsavo, na viboko wengi wa Mzima walikufa. Ukiisikia habari hiyo haraka utadhani chemchemi ilikauka. Haikukauka. Viboko walikufa kwa njaa, maji yakiwa mpaka mgongoni. Nyasi hutegemea mvua ya wiki chache zilizopita, chemchemi hutegemea ya miaka mingi, na mnyama anayelala majini mchana na kula nchi kavu usiku alibanwa kati ya kalenda hizo mbili. Sijui mfano ulio wazi zaidi wa tofauti kati ya maji yaliyo juu ya ardhi na yaliyo chini yake.

Bomba, na mahali pa kuchukulia

Tangu miaka ya 1950 sehemu ya maji haya inakwenda Mombasa, kwa bomba la zaidi ya kilomita 200 linalotegemea mteremko tu, bila pampu. Uwezo wake ni takriban mita za ujazo 35,000 kwa siku, kama sehemu moja ya sita ya mtiririko. Maji huchukuliwa chini ya lava kabla ya kufika madimbwini, ili madimbwi yenyewe yasivurugwe. Kwa miaka mingi kumekuwa na mpango wa bomba la pili lenye ukubwa wa takriban mara tatu, na malalamiko ya watu wa Taita Taveta kwamba chemchemi iko kwao lakini maji yanawapita yakienda pwani.

Sitaingia kwenye siasa ya mgao, ingawa malalamiko hayo nayaelewa. Nataka kutenganisha mambo mawili ambayo mjadala huyachanganya. Ukichukua maji pale yanapotoka, kwa mteremko, hupunguzi ghala. Maji hayo yalikuwa yanaondoka kwa vyovyote. Unayempunguzia ni aliye chini: madimbwi, mikindu, Mto Tsavo, na Galana unaozaliwa Tsavo ikikutana na Athi. Ni swali la nani apate, na linaweza kujibiwa kwa kupima mtiririko wa kiangazi na kukubaliana kiasi kisichoguswa. Bomba la pili likijengwa kwa uwezo huo, yote mawili kwa pamoja yangechukua mita za ujazo 140,000 kati ya 200,000. Mtu anayesema hilo halitaonekana kwenye madimbwi anapaswa kueleza kwa namba.

Kuchimba visima virefu juu, kwenye lava, ni jambo jingine. Kisima kinashusha usawa wa maji mahali kilipo, na kushuka huko kunasambaa. Charles Theis wa Marekani alilieleza vizuri mwaka 1940: maji ya kisima mwanzoni hutoka kwenye akiba, lakini kadiri muda unavyopita hutoka kwa kupunguza yale ambayo yangetokea kwingine. Kwa Chyulu, kwingine ni Mzima, Kibwezi, Umani na Makindu. Mwenye kisima anaona pampu inatoa vizuri mwaka wa kwanza, wa pili, wa tano, na anahitimisha kwamba maji hayaishi. Upungufu uko njiani kuelekea kwenye chemchemi, na ghala lilelile linalotuliza kiangazi ndilo linalochelewesha habari mbaya. Siku itakapoonekana, kufunga visima hakutarudisha mtiririko msimu huohuo, kwa kuwa shimo lililoachwa lazima lijae kwanza.

Kuhusu msitu wa Chyulu, nadhani tunasema mengi kuliko tunayojua. Kauli kwamba ukikata miti chemchemi itakauka ina haraka. Miti hunywa maji, na Shetani, ambayo haina msitu, inameza mvua kuliko msitu wowote. Lakini juu kileleni miti hukamata ukungu na kuudondosha chini, maji ambayo nyasi fupi haziyapati, na mizizi hushikilia udongo wa jivu usisombwe kuziba nafasi za mawe yaliyo chini yake. Moto na uchomaji makaa huondoa vyote viwili. Hiyo ni sababu tosha ya kulinda msitu, na haihitaji kutiwa chumvi.

Kinachokosekana zaidi katika kisa hiki si bomba wala mche. Chemchemi yenyewe ni kipimo kibovu cha hali ya ghala, kwa kuwa inachelewa na inalainisha kila kitu. Visima vichache vya kupimia tu, visivyo na pampu, vilivyopangwa kutoka Chyulu kushuka hadi Mzima na vikisomwa kila mwezi, vingeonyesha usawa unashuka wapi na kwa kasi gani miaka kadhaa kabla ya kiboko au bomba kuhisi lolote. Vinapaswa kuwapo kabla ya bomba la pili kuanza kuchimbiwa mtaro, kwa sababu baada ya hapo hakutakuwa tena na hali ya awali ya kulinganisha nayo.